Mashine ya Mama Sulo Iliyokwama Salubai

Banne, ambaye watu wote wa Rantelangi walimwita Mama Sulo kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa mwanamke mwenye hasira za karibu na mikono migumu, na vyote viwili alivipata kwenye kinu. Tangu alipoolewa huko juu, katikati ya milima ya Sulawesi, kila asubuhi yake ilianza kwa mchi. Mpunga wa huko una harufu inayomfikia mtu kabla hajaiona sahani, lakini ukitwangwa kwa mkono punje nyingi hukatika. Mchele wake ulipofika mjini, wafanyabiashara waliuchota kwa kiganja, wakauinamia, kisha wakatazamana.

"Mama, huu ni wa kuku au wa watu?"

Kuuza mpunga na maganda yake ndiko kulikuwa balaa zaidi. Lami inaishia mbali huko chini. Kuanzia hapo hadi Rantelangi ni tope, makorongo na bodaboda zilizofungwa minyororo magurudumuni, zinazoendeshwa na vijana wasioogopa kufa. Vijana hao hutoza kwa uzito wa mzigo. Kwa hiyo kila gunia alilolishusha Mama Sulo, sehemu kubwa ya nauli ilikuwa ya makapi.

"Makapi yangu yanasafiri kuliko mimi," alimwambia mumewe. "Yanapanda pikipiki, yanafika mjini, yanatupwa huko. Mimi sijafika mjini tangu Sulo avuke bahari kwenda Kalimantan."

Mumewe, Toding, alikuwa mzee wa kanisa na mtu mpole kupita kiasi. Kila alipoambiwa jambo, jibu lake lilikuwa moja.

"Tutaona."

"Mimi nimeshaona," alisema Mama Sulo. "Tunanunua mashine ya kukoboa."

Shida ni kwamba kitu pekee cha thamani walichokuwa nacho kilikuwa nyati, dume la pembe pana, na dume hilo lilikuwa limewekwa kwa ajili ya mazishi ya mama yake Toding. Bibi Kombong mwenyewe alikuwa bado mzima. Alikaa barazani kutwa nzima akitafuna tambuu na kuwahoji wapita njia. Lakini milimani kule mtu hazikwi mikono mitupu, huchinjiwa nyati wa kumbeba kwenda kwa wafu, na bibi alikuwa na desturi ya kwenda kumtazama nyati wake kila jioni, kama mtu anayekagua tiketi yake ya safari.

Mama Sulo alimfuata barazani, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nataka kumuuza nyati."

"Nyati yupi?"

"Kwani tuna wangapi?"

Bibi akatema mate mekundu uani. "Yaani mimi nahema hivi hivi, na wewe unauza usafiri wangu?"

"Nitakununulia mwingine, mama. Mashine ikianza kazi, msimu wa pili tu..."

"Na nikifa msimu wa kwanza?"

"Usife."

Bibi alimkazia macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. "Haya," alisema alipopata pumzi. "Nitajikaza. Lakini usinicheleweshe, mkwe. Mimi si kijana."

Nyati akauzwa. Mashine ikanunuliwa: injini ya dizeli, chuma kitupu, na kinu chake cha kukobolea chenye mipira ya kuzunguka ndani. Lori likaileta mpaka lami inapoishia, likaishusha pembeni ya kibanda cha chai, likageuza.

Waendesha bodaboda waliizunguka ile injini wakaipiga mateke kidogo, kama watu wanaonunua ng'ombe. Mkubwa wao, kijana aliyeitwa Massora, akatikisa kichwa.

"Mama Sulo, nimeshabeba friji. Nimeshabeba mgonjwa, nimeshabeba jeneza na mwenyewe ndani. Hii sibebi."

Ikabidi iwe kazi ya ujima. Wanaume wa Rantelangi waliteremka na mianzi minene na kamba za miwaa, wakaongozwa na Baba Rannu, jitu la mabega mapana na maneno mengi. Wakaifungua mashine vipande viwili, wakavitundika kwenye mianzi, wakavitia mabegani. Walipanda wakiimba. Mama Sulo alikuwa nyuma yao na sufuria, wali na nyama ya nguruwe iliyochomwa ndani ya mianzi, kwa sababu ujima haulipwi fedha lakini hula kweli kweli. Kila walipotua, Baba Rannu alifuta jasho na kusema, "Mama Sulo, hii injini umeinunua au umeozwa? Maana uzito wake ni wa mama mkwe."

Siku ya pili walifika Salubai. Ni mahali tu, si kijiji: kijito, daraja la magogo, na uwanda mdogo ambapo waendesha bodaboda husimama kupoza injini na kukaza minyororo. Hapo ni nusu ya njia. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakiwa wanakunywa kahawa chini ya turubai, akaja mtu mbio kutoka juu na habari kwamba mzee wa ukoo mkubwa amefariki.

Wanaume wakatazamana. Mama Sulo akaona nyuso zao, akajua.

"Hapana," alisema. "Hapana, jamani. Yeye ameshakufa, haendi popote. Tuifikishe kwanza."

"Mama Sulo, msiba ni msiba," alisema Baba Rannu, naye tayari alikuwa anafungua kamba. "Tunaifunika vizuri. Tunarudi Jumatatu."

Wakaifunika vizuri, kweli. Jumatatu haikufika.

Msiba wa mkubwa ulikula wiki nyingi. Baada ya msiba ukaja wakati wa kupanda. Baada ya kupanda ukaja uchaguzi wa mkuu wa kijiji, na kila mwanaume alikuwa na mgombea wa kumpigia debe. Kisha Krismasi. Kisha mvua kubwa. Mama Sulo alimfuata Baba Rannu shambani, mtoni, mpaka kwenye kibanda cha pombe.

"Baba Rannu, mashine."

"Inakuja, Mama Sulo. Bega langu halijapona."

"Bega hilo hilo ulilobebea nguruwe wa harusi juzi?"

"Lile lilikuwa la kushoto."

Akamwendea mkuu mpya wa kijiji, Palimbong, mtu wa shati lililopigwa pasi hata katikati ya tope. Palimbong alimkaribisha kahawa, akamsikiliza akiinamisha kichwa, akamwambia jambo lake lipo kwenye mipango. Mama Sulo akauliza mipango ipi. Palimbong akasema mipango kwa ujumla.

Jumapili moja, wakati wa matangazo kanisani, Mama Sulo akasimama kabla hajaitwa. Toding, aliyekuwa mbele na wazee wenzake, akainamia kitabu cha nyimbo.

"Tangazo langu ni fupi," alisema Mama Sulo. "Mashine yangu iko Salubai. Mabega yenu yako hapa. Naomba yakutane."

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mchungaji alicheka, kisha akasema ni vyema tuikumbuke mashine ya mama yetu katika sala. Wakaiombea. Mama Sulo akakaa chini. Alitaka mianzi, yeye akapewa maombi. Mlangoni, baada ya ibada, watu wale wale walimshika mkono mmoja mmoja na kumwambia awe na subira.

Kesho yake akafunga mzigo: turubai, sufuria, kopo la mafuta, panga. Akamwambia Toding anakwenda kukaa na mashine yake kabla kutu haijaimaliza.

"Utakaa porini peke yako?"

"Nina mume?"

Toding akaingia ndani kuchukua spana zake, akamfuata.

Salubai ni pabaya kuishi. Ruba huingia hata ndani ya masikio, nguo hazikauki, na kelele za kijito zikichanganyika na kelele za mawazo mtu hapati raha. Mama Sulo alifuta injini kwa mafuta kila siku, akiisemesha kwa uchungu. Siku moja Massora akasimama na magunia mawili ya mpunga nyuma ya pikipiki, akashuka kukaza mnyororo. Akamtazama yule mama na kitambaa chake cheusi kwa mafuta.

"Mama Sulo, hebu niulize. Hii kitu inafanya kazi kijijini tu?"

"Una maana gani?"

"Nina maana nimebeba mpunga wa watu. Nusu ni makapi. Hapa nilipo mgongo umekufa. Na mashine ninayoiona hapa ni ya kukobolea, au macho yangu?"

"Mashine hii ni ya Rantelangi," alisema Mama Sulo kwa ukali. "Itakobolea Rantelangi. Nimeitengea na mahali, chini ya ghala langu. Sikuuza nyati nije kufungua kiwanda cha ruba."

Massora akainua mikono, akaondoka zake. Lakini lile neno lilibaki. Mama Sulo alizunguka injini siku nzima akinung'unika, akapika wali ukaungua, akamgombeza Toding kwa wali aliouunguza mwenyewe. Mwishowe akatupa mwiko.

"Basi ifunge! Ifunge hapo hapo, kwenye hayo magogo. Ikilipuka ilipuke, angalau nitaisikia sauti."

Toding alikata magogo, akayalaza, akaifunga mashine kwa kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza, mpaka mkewe akataka kulia. Massora alileta dumu la dizeli. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Ikakohoa tena. Mara ya nne ikashika, na milima yote ikaitikia. Wakamimina mpunga wa mtu wa kwanza. Upande mmoja makapi yakaruka kijitoni, upande wa pili ukateremka mchele mzima, mweupe, wenye joto kama mkate.

Waendesha bodaboda walipiga mayowe. Toding alicheka kwa sauti, jambo ambalo watu hawakuwa wamelizoea. Mama Sulo alichota mchele kwa mikono miwili, akautazama, machozi yakamtoka. Watu wakadhani ni furaha. Zilikuwa hasira tupu. Kitu alichokitaka maisha yake yote kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa, mahali pasipofaa kabisa.

Tangu hapo mpunga ukaanza kumiminika Salubai. Ulitoka vijiji vya juu na vya bondeni, hata ng'ambo ya kilima, kwa watu ambao Mama Sulo hakuwahi kuwaona. Bodaboda zilipumzika hapo kwa lazima sasa, zikatua gunia na kuondoka na mchele peke yake. Mjini wakaacha kuuliza habari za kuku. Mama Sulo mwenyewe alikonda. Shamba lake la juu liliota majani, kahawa yake ikaangukia chini bila kuchumwa, na kila Jumamosi alipanda kwa miguu kwenda kupalilia, akashuka Jumapili jioni amechoka kama punda.

Na watu wa Rantelangi wakaanza kulalamika.

"Mama Sulo kahama na mashine yetu," walisema.

Neno hilo "yetu" lilimfikia Salubai siku ile ile. Baba Rannu ndiye aliyeteremka kulisema ana kwa ana, akiwa na magunia yake juu ya farasi.

"Mama Sulo, sisi wa nyumbani utatufikiria bei. Maana sisi ndio tulioibeba."

Mama Sulo akazima injini ili asikike vizuri.

"Mliibeba mpaka wapi, Baba Rannu?"

"Mpaka... hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Salubai."

"Salubai ni nusu ya njia. Basi sawa, bei ya nyumbani ni hii: gunia lako nitalikoboa nusu. Nusu iliyobaki peleka kwa mkeo akatwange."

Vijana wa bodaboda walicheka mpaka wakashikilia pikipiki. Baba Rannu naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa Jumatatu tu. Mama Sulo hakucheka. Akamkobolea yote, kwa bei ya wote, na usiku hakulala kwa kujilaumu kwamba alikuwa mpole.

Wakati wa kiangazi Bibi Kombong alikuja. Alikuja juu ya farasi, amefungwa kwa shuka asianguke, mkoba wa tambuu shingoni. Akashushwa, akaizunguka mashine kwa fimbo.

"Ndiye huyu nyati wangu?"

"Ndiye, mama."

"Ana kelele." Akaigonga kwa fimbo. "Na ananuka. Anakula nini?"

"Dizeli."

"Ghali kuliko nyasi." Akakaa juu ya gunia, akapanga tambuu yake. Baada ya muda akasema bila kumtazama mkwewe, "Umekonda. Unaonekana mzee kuliko mimi. Huku porini unamkomoa nani?"

"Simkomoi mtu, mama. Waliniacha hapa."

"Waliiacha mashine. Wewe ulikuja mwenyewe kwa miguu yako."

Mama Sulo akageukia mashine. Akawasha injini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bibi hakurudi kijijini. Alisema farasi ameuumiza mgongo wake na atakaa mpaka upone, na mgongo ukakataa kupona. Akawa anakaa langoni mwa kibanda walichojenga kando ya mashine, akiamua zamu ya nani imefika, na wale vijana wa bodaboda, waliokuwa hawamwogopi polisi, wakawa wanapanga foleni mbele yake kwa adabu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Mama Sulo akasikia nyimbo. Akatoka nje. Wanaume wa Rantelangi walikuwa wanateremka na mianzi minene na kamba mpya, Baba Rannu mbele, na nyuma yao Palimbong na shati lake.

Alikuwa ameingoja siku hiyo mpaka akaichukia.

"Mama Sulo," alisema Palimbong, "tumekuja kuipeleka mashine nyumbani."

"Kwa nini leo?"

Palimbong akakohoa. "Kuna wageni wanakuja kutoka wilayani kukagua maendeleo ya vijiji. Ingependeza waikute pale mbele ya ofisi."

"Mbele ya ofisi. Si chini ya ghala langu."

"Kwa muda tu."

Mama Sulo akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Wengine walitazama kijito.

"Mkifika njiani huko juu mkasikia mtu amekufa, je?"

Baba Rannu akashika bega lake.

"Na ikifika, dizeli itapandishwa na nani? Hapa naipata kwa nusu ya nauli. Kule nani atailipia, mkuu?"

"Hilo tutaliweka kwenye mipango," alisema Palimbong.

Toding alikuwa amesimama kando, spana mkononi. Kila mtu alimtazama yeye, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na mwanaume wa nyumba. Mama Sulo alijua atakachosema, akajiandaa kukasirika. Toding akaiweka spana mfukoni.

"Haifunguliwi," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Sulo mwenyewe hakuamini. Alikuwa ametaka kwa miaka kusikia mumewe akisema kitu kizima, akakisema siku hiyo, na kwa neno hilo moja mahali pale chini ya ghala lake pakabaki patupu daima. Alitaka kumshukuru na kumpiga kwa wakati mmoja.

Palimbong hakutaka kurudi mikono mitupu. Akasimama kando ya mashine, mkono juu ya injini, akapigwa picha. Picha hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayo ni maendeleo ya Rantelangi. Mama Sulo alionekana pembeni, kiwiko tu. Alipoiona Jumapili alisimama mbele ya ubao huo mpaka Toding akamvuta mkono. Wageni wa wilayani walifika lami inapoishia, wakaona tope, wakarudi.

Mvua za mwaka ule zilibomoa mlima juu kidogo ya Salubai. Udongo ulifunika njia kwa urefu wa mnazi, na Rantelangi ikatengwa na mashine. Siku chache baadaye, kabla ya Krismasi, Mama Sulo akasikia anaitwa kutoka ng'ambo ya kifusi. Baba Rannu alikuwa amesimama juu ya tope na watu nyuma yake, farasi na magunia, mavuno mapya yote.

"Mama Sulo! Tutapitaje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sikukuu imekaribia! Wake zetu wamekataa kutwanga! Wanasema walishasahau!"

"Basi chimbeni!"

Akageuka, akarudi kibandani, na hakuwa na tumaini lolote. Alijua atasikia habari za bega. Badala yake akasikia majembe. Walichimba wote, wanaume na wanawake, Palimbong naye akiwa amekunja suruali, na kabla jua halijawa kali farasi wa kwanza akapita kwenye ujia mwembamba akiteleza, gunia mgongoni.

Mama Sulo alisimama mikono kiunoni akiwatazama wanavyokuja, wamelowa tope mpaka nywele, wanacheka na kusukumana wapate kuwa wa kwanza. Mlima mzima walikuwa wameuhamisha asubuhi moja. Maneno yote aliyokuwa ameyaweka kwa ajili yao tangu Jumatatu ile yalimjia mdomoni kwa pamoja.

"Nani wa kwanza?" aliuliza Bibi Kombong kutoka langoni, fimbo mkononi.

"Mimi, bibi," alisema Baba Rannu.

"Wewe utakuwa wa mwisho," alisema Mama Sulo, akaenda kuwasha injini.